Mama anakuja na tunapanda meli: simu tufanyeje tusije kulia na bili?

Swali lenyewe lilikuja hivi: "Kaka habari. Naishi Houston, mama yangu anakuja kutoka Moshi mwezi wa saba kunitembelea, atakaa miezi mitatu. Tumemkatia tiketi ya meli, ile safari ya siku tano inayotoka Galveston kwenda Cozumel na Progreso kule Mexico. Mama ana Tecno ya kawaida na kitochi chenye laini yake ya M-Pesa, na hawezi kumaliza siku bila kuongea na wadogo zake. Mwenzangu wa kazini alienda safari kama hiyo akarudi na bili ya simu ya dola mia nne na ushee, na anaapa hakupiga simu hata moja. Tufanyeje? Mwakani tunafikiria kwenda Ulaya, mambo ni yaleyale? Na kitochi aje nacho au akiache?"

Dada yangu, nianze na huyo mwenzako maana najua huko kazini mnamcheka. Anasema kweli. Hakupiga simu. Simu ndo ilikuwa inafanya kazi yenyewe yeye akiwa amelala au yuko kwenye bwawa anakunywa juisi. Mimi nimekaa melini miaka minne kitengo cha mtandao, kazi yangu ya kwanza ilikuwa waifai na ya pili, ambayo haikuandikwa kwenye mkataba, ilikuwa kuwasikiliza watu wanaokuja mapokezi na sura kama ya huyo mwenzako.

Iko hivi. Meli kubwa ina minara yake ya simu humo humo ndani, sio mnara kama ule wa mlimani, ni vidude vidogo vimefichwa kwenye dari za korido na kumbi. Simu yako ikiwa karibu inaviona kama mnara wowote ule, inajiunga, alafu mawasiliano yote yanapandishwa satelaiti kupitia yale madude meupe kama mayai makubwa unayoyaona juu kabisa ya meli. Upande huo wa kwenu kampuni inayojulikana zaidi kwenye biashara hiyo ni Wireless Maritime Services na mtandao wao unaitwa Cellular at Sea, kwenye meli nyingi za Ulaya utakuta Telenor Maritime. Sasa Tanzania ina namba yake ya mtandao ambayo ni 640, Marekani wanazo zao zinaanzia 310, na Mexico ina 334. Meli haina nchi. Mitandao ya melini inatumia 901, namba ya mitandao ya kimataifa isiyo ya nchi yoyote, na hapo ndipo mchezo wote ulipo kwasababu kifurushi chako kikisema "Mexico ndani" kinamaanisha Mexico ya nchi kavu, kile cha Marekani kinamaanisha Marekani, na 901 haimo popote. Siku nyingine simu haiandiki hata jina la mtandao, inaandika tu 901 18 pale juu pembeni, na mtu anadhani simu imeharibika kumbe ndo imeshaingia kwenye mtandao wa bei mbaya kuliko yote aliyowahi kuigusa.

Mama yako wa Moshi hili atalielewa haraka kuliko wewe, mwambie tu ni kama kwenda Taveta sokoni, ukivuka Holili simu inaacha mtandao wa Tanzania inakamata wa Kenya bila kukuuliza. Tofauti ni kwamba sisi huku tulishazoeshwa vibaya, tangu Celtel mwaka 2006 walipofuta ada za romingi kati ya Kenya, Uganda na Tanzania watu wengi walijenga mazoea kwamba kuvuka mpaka na simu sio kitu. Baharini ni kitu.

Bei inategemea kampuni ila bila kifurushi maalum cha meli unaongelea dola kadhaa kwa dakika ya kuongea na dola kadhaa kwa MB moja. MB moja, sio GB. Tufanye hesabu ya upole kabisa, dola 2 kwa MB. Picha moja ya simu za siku hizi ni kama MB 4, hiyo dola 8. Video ya mjukuu anacheza iliyotumwa kwenye grupu la ukoo, MB 30, dola 60, na ilijidaunlodi yenyewe hata hujaifungua. Kuna bibi mmoja alikuja mapokezi analalamika simu inapata moto kwenye chaja, nikaishika kweli ilikuwa ya moto kama chapati, nikaangalia, kumbe ilikuwa usiku kucha inapandisha picha za wajukuu kwenye hifadhi ya mtandaoni, picha karibu mia mbili, kwa mtandao wa meli. Sikuwa na roho ya kumpigia hesabu pale pale.

Kwahiyo dawa. Hali ya ndegeni. Kile kialama cha ndege. Mkiwa bado Galveston, kamba hazijafunguliwa, simu zote mbili ziwekwe hali ya ndegeni na zibaki hivyo mpaka mmeshuka kwa miguu yenu Mexico. Watu wengi wanazima data peke yake wanadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Ukizima data tu simu bado imejiunga na mtandao wa meli kwa upande wa kupiga na kupokea, mtu akikupigia ukipokea unalipa wewe, na kwa kampuni nyingi hata usipopokea ikaenda kwenye voisimeili unaweza kukuta umechajiwa kwasababu simu ilishakufikia melini kabla haijarudishwa Marekani. Ukiwa hali ya ndegeni aliyekupigia anapelekwa moja kwa moja kwenye voisimeili huko huko nchi kavu na huchajiwi kitu.

Usisubiri meli iondoke ndo ukumbuke. Kwa kawaida mtandao wa meli unazimwa ikiwa bandarini na unawashwa ikishatoka mbali na pwani, lakini saa ile ya kuondoka kuna muziki, kuna picha, kuna mama anashangaa, na ndo saa hiyo hiyo simu inahama mtandao kimya kimya. Alafu hiyo Ghuba ya Mexico ina majukwaa mengi ya mafuta na mengine yana mitandao yao ya simu kwa ajili ya wafanyakazi, sasa hapo katikati simu yako inaweza kukamata kitu ambacho hata sio cha meli.

Ukishaweka hali ya ndegeni unaweza kuwasha waifai peke yake, simu zote zinaruhusu, unabonyeza ndege alafu unabonyeza waifai. Hiyo ndo simu yenu itakavyoishi siku tano zote. Kwa waifai ya bure ya meli, bila kununua chochote, mtafungua programu ya meli yenyewe, utaona ratiba, menyu za chakula, na kampuni nyingi zimeweka humo sehemu ya kuchati abiria kwa abiria, wengine bure wengine kwa hela kidogo. Itawafaa maana meli ni kubwa na mama atapotea siku ya kwanza, hilo nakuhakikishia. Simu ya mezani ya chumbani nayo kupiga chumba kwa chumba ni bure, ila asijaribu kupiga nayo Moshi.

Sasa mama kuongea na wadogo zake. Hapa mtalazimika kutoa hela kidogo ila sio kama unavyofikiria. Meli zinauza waifai ya intaneti, na tangu 2022 Royal Caribbean walipotangaza kufunga Starlink, ile intaneti ya satelaiti, kwenye meli zao na wengine wakafuata, spidi imekuwa ya maana, WhatsApp ya kuongea inakubali vizuri tu, sio kama enzi zangu mtu anasema halo anasubiri mpaka kahawa inapoa. Bei inacheza dola 15 mpaka 30 kwa siku kwa kifaa kimoja kutegemea kampuni na kama umenunua mapema. Na hapa watu wanapigwa mara mbili. Kwanza wananunua wakishapanda, wakati ukinunua kabla ya safari kupitia akaunti yako ya tiketi mara nyingi ni nafuu. Pili wananunua vifaa viwili. Kifurushi cha kifaa kimoja kwa meli nyingi maana yake ni kifaa kimoja kwa wakati mmoja, unatoka kwenye simu yako, unaingia kwenye simu ya mama, akimaliza anatoka. Hakikisha mmebonyeza kutoka kweli, sio kuzima tu waifai, la sivyo mfumo unadhani simu ya kwanza bado ipo na unamgomea mama.

Na hamhitaji siku zote tano. Angalia safari yenu: siku ya kwanza mnaondoka mchana na Galveston mtandao wa kwenu upo, siku ya pili bahari tupu, ya tatu na ya nne mko Mexico, ya tano bahari tena, asubuhi inayofuata mmerudi. Yaani siku ngumu ni mbili tu. Kama kampuni yenu wanauza cha saa 24, na wengi wanacho, nunua kimoja siku ya pili na kingine siku ya tano. Ukikiwasha saa nne asubuhi kinafika mpaka saa nne asubuhi ya kesho yake, kwahiyo mama ataongea asubuhi mbili kwa kifurushi kimoja. Asubuhi ndo muda wenyewe, mwezi wa saba Texas iko nyuma ya Tanzania kwa saa nane, saa moja asubuhi kwenu ni saa tisa alasiri Moshi, wadogo zake wametulia. Akingoja jioni atawaamsha usiku wa manane.

Wapangie kabisa kabla: tutawapigia siku fulani na fulani, siku nyingine tukiwa kimya jueni tuko majini hatujazama. Naongea kama mzaha ila nilishashuhudia ukoo mzima unapigia ofisi za meli kwasababu mzee hakujibu meseji siku moja na nusu.

Usije na kile kirauta kidogo cha kugawa waifai, meli nyingi zimekataza na wanakichukua pale kwenye ukaguzi wa mizigo, unarudishiwa mwisho wa safari.

Siku za Mexico ni za raha. Vifurushi vingi vya bili ya mwezi vya T-Mobile, AT&T na Verizon, hasa vile visivyo na kikomo, vina Mexico na Canada ndani yake. Ingia kwenye akaunti yako usome kifurushi chako wewe, sio cha rafiki, na kama ni laini ya bei chee usidhani tu kwamba Mexico imo. Ikiwa imo, mkishuka toa hali ya ndegeni kwenye simu yako peke yake, subiri iandike Telcel au mtandao mwingine wa kule, alafu mrushie mama hotispoti. Simu ya mama iendelee kubaki ndegeni na waifai imewashwa. Hivyo laini moja inalisha watu wawili na hamnunui laini ya Mexico wala hamzunguki kutafuta mgahawa wenye waifai. Cozumel mtandao mtaupata pale pale. Progreso ni kichekesho kidogo maana gati lao ni refu kupita kiasi, zaidi ya kilomita 6 limeingia baharini kwasababu maji ya pwani ile ni ya kina kifupi, mnashuka melini mnapanda basi linawapeleka mpaka mjini. Msiwashe simu kitandani kwa kuwa tu mmeona nchi kavu dirishani, washeni mkiwa kwenye basi. Na mkirudi, ndege irudi kwenye simu kabla ya kupanda ngazi ya meli.

Zile pasi za kimataifa za siku, kama za dola 12 kwa siku, zimetengenezwa kwa ajili ya nchi kavu. Pasi ya meli ni bidhaa nyingine kabisa na bei yake nyingine, kwahiyo mtu wa huduma kwa wateja akikwambia "uko sawa, una pasi ya kimataifa" muulize tena kwa kutaja neno meli, na umwombe akuandikie kwa chati ili upige skrinshoti. Mimi mwenyewe nilishaambiwa "uko sawa" na kampuni moja ambayo jina tuliache, nikaja kulipa dola mia moja na themanini. Nilipiga simu nikaeleza kwa upole wakanipunguzia nusu, na hilo mwambie mwenzako pia, kama bado hajalipa apige aombe, mara ya kwanza huwa wanasikiliza.

Tuje kwa mama sasa, maana matatizo yake yanaanza kabla ya meli. Laini ya M-Pesa iko kwenye kitochi. Kitochi cha 2G Marekani hakitakamata kitu cha maana, AT&T, T-Mobile na Verizon wote walizima hata 3G yao mwaka 2022. Kwahiyo kabla hajatoka Moshi laini ya M-Pesa ihamie kwenye nafasi ya pili ya Tecno. Aombe romingi ifunguliwe akiwa bado nyumbani, aweke salio kidogo, na hiyo laini aitunze kama hati ya shamba, kwasababu ikipotea huko kuirudisha kunataka alama za vidole dukani, na vidole vyake vitakuwa Houston. Kupokea meseji kwenye romingi kwa kawaida ni bure, kwahiyo zile namba za siri za benki zitamfikia. Kupokea simu sio bure. Hili Watanzania wengi hatulijui kwasababu nyumbani anayepiga ndo analipa. Ukiwa romingi, mdogo wake akimpigia kutoka Moshi kwa laini ya kawaida, yule analipa kama anapiga Tanzania na mama analipa kipande cha kutoka Tanzania mpaka Marekani. "Halo, umefika salama? Enhe, na baridi?" salio limekata. Afadhali laini yake ni ya vocha, ikiisha imeisha, haizai deni. Ndo maana mwenye hatari kubwa hapa ni wewe mwenye bili ya mwisho wa mwezi, sio mama.

Data ya laini hiyo ya Tanzania izimwe kabisa na romingi ya data izimwe, kabla ya ndege kuruka. Kama anapita Dubai, uwanjani kuna waifai ya bure, ila mwambie mapema kwamba WhatsApp ya kupiga simu Dubai imezuiwa, meseji na voisi zinaenda lakini kupiga haikubali. Asipoambiwa ataamini simu imeharibika na atamkabidhi kijana asiyemjua amrekebishie. Kwenye ndege nako kuna mtandao wa simu wa ndani kama wa meli, Emirates walianza nao mwaka 2008 kupitia kampuni ya AeroMobile, kwahiyo hali ya ndegeni maana yake hali ya ndegeni, sio kuigiza mhudumu akipita. Kama ni Emirates mfungulie akaunti ya Skywards, ile klabu yao ya wasafiri, kabla, ni bure, na mwanachama anapata meseji za WhatsApp bure angani.

Akifika Houston mtafutie laini ya vocha ya huko, zipo za dola 10 mpaka 15 kwa mwezi zinazotumia minara ya kampuni kubwa, au muongeze kwenye laini za familia yako. Kwanza akwambie namba ya IMEI ya hiyo Tecno, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, abonyeze *#06# akutumie picha, uiweke kwenye tovuti ya kampuni uone kama wanaikubali. Simu nyingi za Kariakoo zimetengenezwa kwa masafa ya huku na AT&T hasa wana orodha yao, isiyomo wanaikataa hata kama ni mpya. Ikikataliwa mpe simu yako ya zamani isiyofungwa mtandao. Kuna pia laini ya kielektroniki, ile e-sim (sio isimu ya mwalimu wa Kiswahili), unaiskani tu bila kadi, ila angalia kama simu yake inaikubali, nyingi za bei ya kati bado.

Na WhatsApp ikimuuliza kama anataka kubadilisha namba kwenda hiyo mpya ya Marekani, abonyeze hapana. WhatsApp inaendelea na namba yake ya Tanzania hata laini ikiwa imetolewa kwenye simu. Akikubali tu, wadogo zake wanaona namba ngeni ya +1 inaomba video kol wanadhani ni matapeli. Huko huko kwenye setingi za WhatsApp zima ile ya kudaunlodi picha na video zenyewe, na uzime bekapu ya picha isiyosubiri waifai. Mwekee ramani za Cozumel na Progreso za kutumia bila intaneti, na Kihispania kwenye programu ya kutafsiri, kikae ndani ya simu. Hayo yote yafanyike kwa waifai ya nyumbani kwako, sio asubuhi ya safari kwenye foleni ya bandari.

Kitu kimoja hukuuliza na kinaweza kuwagharimu kuliko bili. Saa. Mwezi wa saba Texas wako kwenye saa za kiangazi, Mexico walishaacha hayo mambo 2022. Cozumel mtakuta saa inalingana na ya Galveston. Progreso saa iko nyuma kwa saa moja, na simu yako ikikamata Telcel pale itajirudisha yenyewe bila kukwambia. Meli ikibaki na saa za Galveston na wamesema wote muwe ndani saa kumi na nusu jioni, simu yako itakuwa inaonyesha saa tisa na nusu wakati ngazi inaondolewa. Nimewaona watu wanakimbia kwenye gati na mifuko ya zawadi, ni kitu cha kuchekesha ukiwa juu, sio ukiwa chini. Kwahiyo kwenye setingi zima saa ya kujibadilisha yenyewe, iache saa ya meli, au vaa saa ya mkononi kama watu wa zamani, na msikilize tangazo la nahodha asubuhi maana yeye ndo anaamua meli inafuata saa gani. Na kwakuwa mama anasoma saa kwa Kiswahili, wakiandika 4:30 asije akaelewa saa nne na nusu ya usiku.

Ulaya mwakani ni rahisi kidogo na ni ileile kidogo. Mtu mwenye laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 15 Juni 2017, anatumia kifurushi chake nchi zote za umoja bila ada ya romingi, kwahiyo ukifika na e-sim moja au laini moja ya Hispania inakupeleka Ufaransa, Italia na Ugiriki. Uswisi haimo, na Uingereza ilishatoka kwahiyo soma masharti. Kwenye meli sheria hiyo haikulindi, mtandao wa satelaiti wa meli uko nje yake kabisa, na meli za kule zinatakiwa zizime minara yao zikiwa ndani ya maili 2 za bahari kutoka pwani, zaidi ya hapo zinaweza kuwasha. Kialama cha ndege kilekile.

Kitochi aje nacho. Umesema mmekata tiketi ya meli bila kusema chumba gani, ila kama mmechukua vile vya ndani vya bei nafuu havina dirisha, ukizima taa ni giza totoro hata mkono wako huuoni, na mama akiamka usiku kutafuta choo atakuwa na tochi yake mkononi, na betri itakaa siku zote tano.